Aliyekaa Mbele ya Dirisha

Ushirombo,
14 Oktoba 1979

Kaka Alois,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na wapwa wako Melania na Otmar wanakuamkia. Huku ni wazima, ila kikohozi cha Mama kimemrudia, na yule ng'ombe mwekundu ndama wake amekufa. Mvua ya kwanza imenyesha Jumatano. Tumeanza karanga.

Habari za kuanguka kwako na pikipiki tulizipata kwa mwalimu Selestine. Alituambia mguu umevunjika mahali pawili, uko ndani ya plasta, na kwamba unalala chumba cha ghorofani kinachotazama stesheni. Pole sana. Mama anauliza nani anakupikia na kama anaosha mikono.

Kaka, nina ombi. Vita vimekwisha na mgambo waliotoka hapa na mume wangu Damian wameanza kurudi. Wengine wanapita Biharamulo, wengine wanavushwa ziwa mpaka Mwanza, halafu wanapanda treni na kushuka hapo kwako kutafuta basi la Kahama. Mume wangu hajarudi. Hakuna aliyeniambia amekufa na hakuna aliyeniambia yuko hai. Nimekwenda wilayani mara tatu, wananiambia nisubiri.

Kwa kuwa huwezi kutoka kitandani, niangalizie. Anaweza kuwa amekonda, anaweza kuwa na ndevu. Lakini shemeji yako unamjua: popote anapokaa huvua katambuga zake za matairi akazikalia, hata kanisani. Siku ya harusi yetu ulimcheka, ukamwambia, "Shemeji, hapa hakuna mwizi wa matairi." Kwa hilo utamjua.

Dada yako,
Anisia


Shinyanga,
2 Novemba 1979

Anisia mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama kwamba anayenipikia anaitwa Makoye, mlinzi wa nyumba hii, mtu mzima mwenye wake wawili. Mikono anaosha. Ugali wake ni mgumu kiasi cha kujengea.

Nimepokea barua yako na nimefanya kama ulivyosema. Nikueleze ninachoweza kuona, usije ukadhani naona zaidi ya hapo. Kitanda kiko dirishani. Mbele yangu ni barabara, kisha jengo la stesheni lenye bati jekundu, jukwaa la abiria, na upande wa kulia ghala la pamba. Marobota yamepangwa nje kwa sababu mabehewa ya kuyachukua hayafiki. Upande wa kushoto ni mama wa chai, mafundi wawili wa baiskeli, na mahali basi la Kahama linaposimama. Basi likiondoka naliona mpaka kona ya soko. Baada ya hapo dirisha langu halifiki. Pia kumbuka kwamba wengine wa Kahama hushukia Isaka. Huko sioni kitu.

Kamera ya kazi ya gazeti ninayo hapa. Filamu sina, ofisi haijapata tangu Agosti. Lakini ile lenzi ndefu inanisaidia kama darubini. Nimeifunga kwenye kiti kwa mpira wa baiskeli na naweza kusoma maandishi kwenye birika la mama wa chai. Makoye ananicheka. Anasema, "Mzee, unapiga picha hewa." Nikamwambia ndiyo.

Treni ya Mwanza inaleta wanajeshi karibu kila safari. Wanashuka wawili, watatu, na mabegi ya turubai. Wanapokewa na vigelegele, na mama wa chai hawatozi. Damian sijamwona. Nikimwona nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Kaka yako,
Alois


Ushirombo,
9 Desemba 1979

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilikaa Kahama wiki nyingi, nimeipata jana. Asante. Otmar sasa anasoma herufi zote, amekuandikia jina lake hapo nyuma ya karatasi. Mama kikohozi kimepoa.

Nyumbani kwa mume wangu hakuna amani. Shemeji yangu Mihayo, kaka yake Damian, amewaita wazee wa ukoo. Anasema mgambo wa mwisho amekwisha rudi, kwa hiyo Damian aliliwe, uzikwe mgomba badala yake, mambo yaishe. Mama alikuwa amekuja kuniletea mbegu za mtama, akamsikia. Akamwuliza mbele ya watu, "Mihayo baba, una haraka ya kuzika au ya kurithi?"

Mihayo akasema, "Mama mkwe, mtu asiyeliliwa anarandaranda. Mvua ikikataa, ng'ombe wakifa, tutajua ni nani."

Mama akasema, "Ndama amekufa kwa kuhara."

Watu walicheka, lakini wazee wamekubaliana naye. Wakishamlilia, baada ya mavuno nitahamishiwa nyumba ya Mihayo mimi na watoto, na ng'ombe wetu watalala zizini kwake. Unamjua Mihayo. Mke wake wa kwanza hana jino la mbele.

Nimeomba wangoje mpaka katikati ya Januari. Kaka, angalia sana. Neno lako likija hapa kabla ya siku hiyo, kwamba umemwona, hata kwa mbali, hawatachimba.

Anisia


Shinyanga,
27 Desemba 1979

Anisia,

Heri ya Noeli kwenu wote. Dereva wa basi atakupa vipande viwili vya sabuni na sukari kidogo, usiulize nimeipataje. Mwambie Otmar herufi ya R inatazama upande mwingine.

Plasta imetolewa. Mfupa umeunga vibaya na daktari anataka kuuvunja tena. Ngazi za nyumba hii bado siziwezi.

Nimeangalia. Tangu barua yako ifike sijaacha treni hata moja ya mchana, na zinazochelewa mpaka giza Makoye huziangalia na taa. Nimewaona wanajeshi wengi. Mmoja alishuka bila mkono, akanunua chai, akainywa amesimama. Mwingine alikuta ndugu zake wamekuja na ngoma, akazimia. Damian hayumo.

Siwezi kukuandikia kwamba nimemwona wakati sijamwona. Najua ungependa niandike hivyo. Miaka ishirini na miwili ya kazi hii sijaandika kitu ambacho mtu mmoja mwingine hajanithibitishia, na nikianza sasa neno langu halitakufaa kitu baadaye. Waambie wazee hili, ambalo ni kweli: mtu ambaye hajaonekana si mtu aliyekufa.

Alois


Ushirombo,
20 Januari 1980

Kaka Alois,

Shikamoo. Sabuni imefika, sukari imefika. Watoto wanasema asante. Mama amelala, hajapenda kula tangu juzi.

Tulimlilia Damian Jumamosi ya tarehe 12.

Niliwasomea maneno yako. Mzee mmoja akasema, "Huyo kaka yako anaongea kama redio." Basi. Walikata mgomba, wakauvisha shuka na lile shati lake la bluu, wakachimba nyuma ya zizi. Padri hakuja kaburini. Alisema ataombea roho ya Damian kanisani, lakini yeye hazikii watu ndizi.

Ilipofika kutupa udongo, desturi yao ni mkubwa wa ukoo aanze. Mihayo akarudi nyuma. Akaniita kwa sauti, kila mtu asikie, "Mama Melania, anza wewe. Usije kesho ukasema tulimzika mumeo wewe hutaki." Nilikataa. Akangoja. Watu wote wakangoja, na mvua inakuja. Melania alianza kulia. Nikaokota donge nikatupa.

Nimeandika ili ujue. Sina lingine. Ukipenda acha kutazama, upumzishe macho. Lakini mimi bado nakuomba usiache.

Anisia


Shinyanga,
17 Machi 1980

Anisia,

Nimechelewa kujibu, samahani. Walinivunja mguu tena mwishoni mwa Januari na nililala hospitali wiki kadhaa. Nimerudi chumbani kwangu, na plasta mpya. Mpe Mama pole. Mwambie ale, hata uji.

Habari za kilio zimenihuzunisha.

Stesheni ni ile ile. Wanajeshi sasa ni wachache. Mama wa chai amenunua birika jipya. Stesheni masta amempiga marufuku mbuzi wake kwenye jukwaa na mbuzi hajatii. Marobota ya pamba bado yapo, yamefunikwa turubai, na wachukuzi wanaoyahamisha ni watano. Mmoja ni mrefu, wa Maswa, anaimba siku nzima. Wawili ni ndugu kutoka Nzega, hawaongeleshani, kila mmoja anabeba upande wake wa robota bila kumtazama mwenzake. Wa nne ni mzee anayevuta kiko hata akiwa na mzigo kichwani.

Kulikuwa na kichekesho mwezi uliopita, nimesimuliwa na Makoye. Mchuuzi mmoja wa dagaa alishuka kwenye basi la Kahama aende zake ziwani. Alipofika karibu na marobota akapiga ukelele, akatupa magunia yake matupu, akakimbia mpaka kwa mafundi baiskeli. Wakamwuliza, "Umeona nini?" Baadaye alirudi pole pole, akaongea kidogo na watu pale kwa mbali, kama mtu anayeongea na mbwa mkali, halafu akaondoka. Wachukuzi wanamwiga mpaka leo.

Vingine hakuna jipya. Otmar aendelee kusoma.

Alois


Ushirombo,
30 Machi 1980, Jumapili ya Matawi

Kaka,

Shikamoo. Mama amekula. Mtama umekaa vizuri. Mihayo ameanza kupima mahali pa kujenga kibanda changu, amepigilia vijiti vinne.

Barua yako nimeisoma, nikampa Melania anisomee tena kwa sauti nikiwa natwanga. Kaka, wewe ni mtu wa kueleza. Birika unaeleza, mbuzi unaeleza. Umeandika wachukuzi ni watano. Umenieleza wanne.

Tena mchuuzi wa dagaa anayepita kwa basi la Kahama kwenda ziwani ni mmoja tu, Stanslaus, nyumba yake iko ng'ambo ya kisima chetu. Tangu alipotoka safari ya mwezi wa pili, akiniona njiani anakata kuingia porini. Leo nimemkuta kanisani, hapakuwa na pori. Nikamwambia, "Stanslaus, nimekukosea nini?" Akasema, "Hujanikosea, mama. Niache. Nina watoto." Akatoka kabla ya baraka.

Sikuulizi tena kama Damian ameshuka kwenye treni. Nakuuliza neno moja, nijibu hilo peke yake.

Yule wa tano, akikaa, anakalia nini?

Anisia


Shinyanga,
9 Aprili 1980

Anisia,

Anakalia katambuga zake.

Katika barua ya tarehe 17 Machi niliandika kwamba hakuna jipya. Haikuwa sahihi. Nakupa habari kamili, kama ninavyoijua.

Nilimwona mara ya kwanza siku niliyorudi kutoka hospitali, mwishoni mwa Februari. Makoye anasema alikuwapo tangu mapema mwezi huo. Amekonda sana, ana ndevu, na upande wa kulia wa shingo kuna kovu mpaka sikioni. Jina halikunijia mara moja. Kisha akakaa.

Sikukuandikia siku ile kwa sababu sikuwa na wa pili wa kuthibitisha. Nikamtuma Makoye. Nakuandikia walivyoongea, Makoye hana tabia ya kuongeza.

Makoye alimsalimu Kisukuma, "Mwangaluka, ndugu. Kuna mzee pale juu anauliza jina lako."

Akasema, "Kwa sasa sina jina."

"Basi njoo juu unywe chai, yeye mwenyewe hawezi kushuka."

"Siingii chini ya paa lake."

"Ana ubaya gani na wewe?"

"Hana. Mwambie aendelee kutazama."

Makoye alirudi akaniambia, "Mzee, huyu ama ni mwendawazimu ama anakudharau." Mimi nilichukua la pili. Mtu ametoka vitani, amefika mahali ambapo basi la kwao linapita kila siku mbele ya macho yake, halipandi. Anabeba pamba ya watu, analala nje kwenye marobota hata mvua ikinyesha. Ukiulizwa mtu wa namna hiyo amefanya nini, jibu ni moja: amemwacha mkewe, na hataki shemeji yake amwulize. Nilifikiri wewe umekwisha lia mara moja. Sikuona faida ya kukuliza mara ya pili kwa sababu mbaya zaidi ya kifo.

Jambo moja sikulielewa, nalieleza kwa kuwa umetaka yote. Jukwaa ni refu na kivuli kiko upande wa ghala. Yeye hakai kivulini. Akimaliza kazi anakuja kukaa kwenye robota la mwisho, juani, usawa wa dirisha langu. Mara moja alivua kofia akaiinua juu. Nilidhani anajipepea.

Nimekosa kukuambia mapema. Amua unalotaka. Nitafanya utakaloniambia.

Alois


Ushirombo,
20 Aprili 1980

Alois,

Mama anakusalimu. Mimi nimekasirika, sitakuamkia.

Wewe ulichukuliwa na mapadri ungali mdogo, ukaenda kusoma Tabora, na hii si desturi ya kwetu, ni ya ukoo wa Damian. Kwa hiyo nikufundishe, mwandishi. Mtu aliyeliliwa kisha akaonekana hai haendi kwao kwa miguu yake. Akienda, anaingia kama maiti, na mtoto wa nyumba ile anakufa. Hatumi salamu kwa kinywa chake. Hataji jina lake, limezikwa. Haingii chini ya paa la ndugu wala la mkwe. Anakaa mahali palipo wazi ambapo mtu wa nyumba yake anaweza kumwona, anangoja. Aliyetupa udongo wa kwanza ndiye anayekwenda kumwondolea kilio kwa udongo wa kaburi lile lile, kisha anamrudisha nyumbani.

Nimembana Stanslaus mbele ya Mama. Amesema yote. Alipomkuta pale alidhani ni mzimu. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba ameliliwa, kwamba mgomba umezikwa na shati la bluu. Damian alikuwa ametoka kushuka kwenye treni siku hiyo, anatafuta basi la Kahama. Alikuwa anakuja nyumbani, Alois. Tangu mwaka jana alilala hospitali ya ng'ambo ya mpaka bila kuweza kusema. Stanslaus alipaswa kuja kuniambia. Akaogopa kubeba neno la mtu aliyezikwa.

Damian akamwuliza, "Shemeji yangu wa gazeti bado yuko Shinyanga?" Stanslaus akamwonyesha dirisha lako, kila mtu hapo analijua, lile lenye kamera. Akasema, "Basi inatosha. Huyo haachi kutazama."

Hakuwa anajificha. Alikaa mbele ya dirisha lako makusudi. Wewe ulikuwa unamtazama, naye anakutazama unavyomtazama, na kila siku anadhani umekwisha niandikia. Fikiri alivyoniwazia mimi, miezi hii, kwamba najua na siji.

Stanslaus aliulizwa pia nani alitupa udongo. Damian alifikiri ni Mihayo. Anajua Mihayo hatakwenda, hata miaka kumi. Stanslaus akamwambia ni mimi. Mihayo mwenyewe aliniita mbele ya watu wote akasema anza wewe. Jana nilimkumbusha. Alikuwa anachimba shimo la nguzo. Akasema, "Ule ulikuwa utani wa msibani." Nikamwambia, "Shemeji, tulikuwa na mashahidi kijiji kizima." Akasema nikienda nisirudi. Nguzo ameiacha imelala.

Nimechimba kidogo kaburini asubuhi, peupe, watu wanaona. Udongo uko kwenye pindo la kanga. Nitapanda gari la Jumatano ya tarehe 30. Usimwambie mtu. Usimtume Makoye tena. Sitapanda kwako, hatutakiwi kusimama wala kusema na mtu mpaka tuvuke mto wa kwetu, na yeye hatakiwi kugeuka nyuma. Akigeuka, kazi yote imeharibika.

Wewe kaa dirishani. Hiyo unaiweza.

Anisia


Shinyanga,
2 Mei 1980

Anisia,

Barua yako ilifika Jumanne, siku moja kabla yako. Natumaini hii itakukuta nyumbani, na kwamba ni nyumba yenu. Mama nampa salamu. Makoye anawasalimu ingawa hamjaonana.

Wewe ulikuwa pale, lakini yapo ambayo hukuweza kuyaona, kwa hiyo nayaandika.

Asubuhi ile alifanya kazi kama kawaida. Kulikuwa na mabehewa, ya kwanza tangu Februari, na marobota yalikuwa yanaondoka. Stesheni masta alisema hadi jioni jukwaa litakuwa jeupe na wachukuzi waende zao. Wale ndugu wa Nzega walilipwa wakaondoka, bado hawaongeleshani. Yeye alibakiza robota lake la mwisho. Mrefu wa Maswa alimwambia, "Wewe mtu, shuka tulipakie." Akashuka, wakalipakia, akakaa sakafuni mahali pale pale. Usawa wa dirisha. Nikaona kwamba ungechelewa siku moja asingekuwa na pa kukaa.

Basi lako lilichelewa. Ulishuka wa mwisho. Alikuona kabla hujamwona. Alisimama, akavaa katambuga zake, ya kushoto akaikosa, akaivaa tena. Hakusogea. Wewe ulikwenda kwanza kwa mama wa chai ukauliza, naye akakuonyesha kwa kidevu.

Ulipofika mbele yake sikuona uso wako, ulinipa mgongo. Niliona viwiko vyako vinafungua fundo la kanga, na fundo lilikuwa gumu. Yeye alinyoosha viganja vyote viwili. Mzee wa kiko aliondoa kiko mdomoni. Udongo mwingine ulimwagika chini. Uliobaki aliutupa nyuma yake, juu ya bega, kwenye reli, na mbuzi wa stesheni masta akaenda kuunusa. Makoye alikuwa amesimama nyuma ya kitanda changu. Alisema kitu kwa Kisukuma ambacho sikumwuliza maana yake.

Mlipita chini ya dirisha, wewe mbele. Nilikuwa na neno la kusema na nililinyamazia, kwa kuwa ulisema msisemeshwe. Bado ninalo.

Ofisi imeleta filamu jana, siku moja baada yenu. Nimepiga picha moja, hii hapa ndani ya bahasha. Haina watu. Ni jukwaa tupu baada ya marobota kuondoka. Stesheni masta alitaka kufagia, nikamtuma Makoye amwombe angoje. Chini upande wa kushoto kuna doa jeusi kwenye saruji. Ndiyo ule udongo uliomwagika.

Sijui Mihayo amewapokeaje. Sijui kama mto wa kwenu ulipitika, huku kumenyesha sana. Makoye anasema safari ndefu kama hiyo, watoto wanalia ndani ya basi, kuku, makonda wanaita, ni vigumu mtu kutotazama nyuma. Niandikie, hata mstari mmoja, hata bila kuniamkia.

Ninachokijua ni hiki. Mlikaa upande wa kulia, kiti cha tatu, yeye dirishani. Mrefu wa Maswa alimpungia, akapiga mluzi, akaita, "We usiye na jina!" Basi likaondoka. Niliwafuata na lenzi mpaka kona ya soko. Mpaka hapo hakugeuka. Baada ya hapo dirisha langu halifiki.

Kaka yako,
Alois